Boila ya kilowati 40 au 24? Mafundi wamenichanganya

Fundi wetu, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu, leo limenifika na mimi. Boila yetu ya gesi imechoka. Iko jikoni, tuliikuta ukutani tulipohamia, na kibandiko chake kinasema kilowati 28. Inawaka, baada ya dakika mbili tatu inazima, inatulia kidogo, inawaka tena. Usiku nikikosa usingizi nahesabu mibofyo yake. Kifuniko chake upande wa juu kimeingia weusi ambao nikiupangusa unarudi.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, ina rejeta 11 za ukutani, yale mabati yanayopitisha maji ya moto ya boila kupasha vyumba, na bafu mbili, moja juu na moja chini karibu na chumba cha mama mkwe. Tuko watu watano: mimi, mume wangu, pacha wetu wa miaka saba, na mama. Asubuhi ndipo kunapokuwa na vita. Mama akiwa anaoga chini, mtu akifungua maji ya moto jikoni au bafu la juu, yake yanageuka baridi. Juzi alitoka na povu kichwani, amejifunga khanga, anatetemeka, na aliyefungua maji nilikuwa mimi. Nilijisikia vibaya sana. Chumba chake nacho hakipati joto. Rejeta yake ukiigusa juu inachoma, chini ni baridi kama sakafu. Kwa hiyo jioni anakuja kukaa jikoni kwenye joto, ingawa siku hizi analalamika kichwa kinamuuma akikaa hapo. Akitoka uani kinaachia.

Tumeita mafundi wawili. Wa kwanza alipita vyumbani akihesabu rejeta, hakupima kitu, akasema tuchukue ya kilowati 40 ya kuchemsha maji papo kwa papo, “ili msijute.” Wa pili alisoma kibandiko cha ile ya zamani akasema turudishie 28. Shemeji yangu anasema 24 inatosha nyumba yoyote ya familia. Mume wangu anaelekea kwa yule wa 40, anaona kubwa haiwezi kukosea.

Sijui kama hili litakusaidia: siku moja ya baridi, pacha wakiwa na mafua, tuliacha boila kazini mchana kutwa na usiku kucha. Nilisoma mita ya gesi saa moja asubuhi na kesho yake saa ileile. Ilitembea mita za ujazo 16. Nje kipimajoto kilikuwa kwenye nyuzi 2, ndani tuliambulia 19. Usiku mbaya kabisa huku hufika nyuzi 6 chini ya sifuri. Tunapikia umeme, gesi ni ya boila tu. Juu ya dari ni mbao tupu, hakuna kilichotandikwa.

Nimwamini nani?

Mama Pacha

* * *

Marahaba, Mama Pacha.

Kabla ya kilowati, kuna mambo mawili uliyoyaandika kwa kupita tu ambayo yalinishtua: ule weusi juu ya kifuniko, na kichwa cha mama kinachouma akikaa jikoni na kuachia akitoka nje. Nilikuandikia pembeni siku ileile barua yako iliponifikia, na nimefurahi sana kusikia kwamba boila mmeizima na mnajikokota na hita za umeme. Nayarudia hapa kwa ajili ya wengine. Gesi ikikosa hewa ya kutosha wakati wa kuungua, au moshi wake ukikosa njia ya kutoka, hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, akidhani ni mafua au uchovu. Masizi kwenye boila ya gesi na mwali wa njano badala ya bluu ni dalili za moto usioungua sawasawa. Ukiziona pamoja na watu kuumwa kichwa, zima, fungua madirisha, toa kila mtu nje, uite fundi wa gesi mwenye leseni. Usingoje kesho. Mama apelekwe hospitali na daktari aambiwe habari za boila, ili wapime damu. Asipoambiwa anaweza kutibu mafua. Na boila yoyote mtakayofunga, iwe ya nani na ya ukubwa gani, ifungwe pamoja na king'ora cha kaboni monoksaidi.

Sasa ukubwa.

Mafundi wako na shemeji yako wanabishana kama vile boila ina kazi moja. Zinafanyika kazi mbili ndani ya lile sanduku, na hazilingani hata kidogo. Ya kwanza ni kuipa nyumba joto: kazi ndogo, lakini haina mapumziko, inakwenda saa nyingi kwa miezi. Ya pili ni maji ya moto ya kuoga: kazi ya dakika chache, lakini inataka nguvu nyingi kwa mkupuo. Ukichanganya hizi mbili kwenye namba moja ndipo watu wanapoambiwa 40.

Tuanze na nyumba. Katika barua yako yote, sentensi niliyoisoma mara tatu ni ile ya mita. Wewe umeshapima nyumba yako kuliko mafundi wote wawili. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina takriban kilowati-saa 10 na nusu, yaani uniti zilezile tunazozijua kwenye umeme. Mita 16 ni kama uniti 168. Boila ya umri ule, inayowaka na kuzima hovyo, naipa ufanisi wa asilimia 75, hivyo joto lililoingia ndani ni kama uniti 126. Toa 12 za maji ya kuoga na kuoshea vyombo kwa watu watano. Zinabaki 114. Gawa kwa saa 24: nyumba yako siku ile ilikula wastani wa kilowati 4.75.

Tazama tena hiyo namba. Siku ya nyuzi 2, nyumba nzima ilihitaji chini ya kilowati 5, na mnashauriwa kununua 40.

Lakini lazima tuifikirie siku mbaya zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo inayopanga ukubwa. Tofauti kati ya ndani na nje siku ile ilikuwa nyuzi 17, kwa hiyo kila uzi mmoja wa tofauti unaigharimu nyumba yako kama kilowati 0.28. Usiku wa nyuzi 6 chini ya sifuri, nanyi mkitaka 21 ndani, tofauti ni 27. Zidisha: kilowati 7.5. Chumba cha mama kilikuwa baridi siku uliyopima, na asubuhi nyumba iliyolala baridi inataka nguvu ya ziada ili iamke, kwa hiyo naongeza akiba na kusema 10. Hiyo ndiyo kazi ya rejeta zote 11 katika usiku mbaya kuliko yote. Siku nyingi za msimu hazifiki hapo. Nje kukiwa nyuzi 10, nyumba inataka karibu kilowati 3 tu.

Hapo ndipo ile mibofyo yako ya usiku inapoeleweka. Boila inayotoa 28 ikiingia kwenye nyumba inayotaka 3, inachemsha maji ya mabomba kwa dakika mbili, inafika kikomo, inazima. Kila kuwaka upya kunapoteza gesi na kuchosha vifaa. Boila za sasa hujua kupunguza moto, ila kila moja ina sakafu yake. Ya kilowati 40 inayoweza kushuka hadi moja ya tano ya nguvu zake, chini kabisa inatoa 8. Kwa nyumba inayotaka 3, utakuwa umenunua mibofyo mipya kwa bei ya juu. Fundi anaweza kuibana boila kubwa isipande sana upande wa rejeta, lakini hawezi kuishusha chini ya sakafu yake. Kwa hiyo mwambie mumeo, kwa heshima zote, kwamba kwenye boila kubwa hukosea, na inakosea kila siku ya msimu. Namba ya kuulizia dukani kwanza ni ile ndogo: inashuka hadi kilowati ngapi? Kwa nyumba yako, natafuta 3 au chini yake.

Na kabla hujanunua chochote, panda darini. Dari ya mbao tupu hupitisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila uzi wa tofauti. Hukunitajia ukubwa, nitakisia mita za mraba 50. Usiku ule wa tofauti ya 27, kilowati 2.7 kati ya zile 7.5 zako zinatokea juu, zinakwenda kupasha paa. Ukitandika kizuia joto cha sentimita 27, upotevu huo unashuka hadi kama wati 200. Inaniuma kuona watu wanaambiwa kazi ya dari ni “ya baadaye,” wanafunga boila kubwa, halafu mwaka wa pili wanatandika dari na kubaki na boila iliyozidi maradufu. Dari kwanza. Boila baadaye, ipimwe kwa nyumba iliyokwisha funikwa.

Sasa maji ya kuoga, maana huku ndiko vita yenu iliko.

Boila ya papo kwa papo haina akiba. Inayapasha maji yakiwa njiani, na hesabu yake ni fupi: lita kwa dakika, zidisha kwa nyuzi zinazopandishwa, zidisha kwa 0.07, unapata kilowati. Wakati wa baridi maji yanaingia nyumbani yakiwa nyuzi 6 hivi, nawe unataka kuoga kwa 40. Hiyo ni 34. Manyunyu ya lita 9 kwa dakika yanataka kilowati 21. Watu wawili wakioga pamoja, karibu 43.

Kwa hiyo shemeji yako hajakosea: 24 inamwogesha mtu mmoja vizuri. Na fundi wa kwanza, ingawa alihesabu rejeta, ile 40 yake inakaribia watu wawili. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameona upande mmoja. Ya 24 itamtoa mama bafuni na povu kama ilivyomtoa hii ya sasa, mradi mtu afungue jikoni. Ya 40 itaokoa asubuhi kwa dakika 30, kisha itahangaika na nyumba inayotaka joto dogo saa zote zilizobaki.

Tena hiyo ya 40 huenda isiwaokoe hata asubuhi. Chukua ndoo ya lita 10, iweke chini ya bomba la baridi jikoni, fungua mpaka mwisho, na mtoto mmoja ashike saa. Ikijaa kwa sekunde 60, nyumba yako inaingiza lita 10 kwa dakika. Ikijaa kwa 30, ni lita 20. Rudia mtu akiwa amefungua bafu la juu. Boila haitengenezi maji. Ikiwa bomba kuu linaleta lita 11 kwa dakika, hakuna boila duniani itakayowapa watu wawili lita 9 kila mmoja, hata uifunge ya kilowati 100. Nashangaa fundi anavyoweza kupendekeza boila ya papo kwa papo kwa nyumba ya bafu mbili bila kuomba ndoo.

Ushauri wangu kwenu ni boila ndogo yenye tangi. Boila ya kilowati 12 hadi 15 inayoshuka chini sana, na tangi la lita 200 lililovikwa vizuri; kama kuna nafasi chini ya ngazi, 250. Tangi hufanya kazi ya subira: boila ndogo inalijaza joto taratibu, ninyi mnalitumia kwa mkupuo. Lita 200 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji baridi ya nyuzi 6 hadi kufika 40, kwenye karatasi zinakuwa lita 317. Mkioga wote watano dakika saba saba kwa lita 9, mnatumia 315. Katika matumizi halisi hupati tone la mwisho, lakini wakati mnaoga boila nayo inaendelea kupasha, na pacha wa miaka saba hawaogi dakika saba. Tangi likiwa limekwisha kabisa, boila ya 12 inalirudisha kwa saa moja na dakika chache. Hasara yake ipo: tangi zuri hupoteza kama uniti moja hadi mbili kwa siku likiwa limekaa tu, na linakula nafasi. Ungekuwa na bafu moja na watu wawili ningekuambia usahau tangi, uchukue ile ya shemeji.

Ndoo ikionyesha maji kidogo, tangi linaloshindiliwa na presha ya bomba kuu nalo halitatosha watu wawili kwa pamoja. Hapo mtahitaji pia tangi la akiba la maji baridi na pampu. Ndiyo maana nasisitiza ndoo.

Usikubali mtu akushawishi kuweka tangi nyuzi 45 ili kuokoa gesi. Bakteria wa lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45. Tangi likae 60. Lakini maji ya 60 yanamuunguza mtoto au mzee ndani ya sekunde chache, na ninyi mna wote wawili nyumbani. Kwa hiyo kabla ya maji kufika bafuni yapite kwenye vali ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe, itoe 41 au 42 bila kujali nani amefungua jikoni. Kifaa hicho ni kidogo kama ngumi, na ndicho ningekifunga kwanza kwa ajili ya mama. Tangi la presha lifungwe na mwenye kibali cha kazi hiyo, likiwa na vali zake za usalama na bomba la kumwagia nje. Hilo si la kujaribia.

Kuhusu rejeta ya mama: juu inachoma, chini baridi. Ingekuwa kinyume, ningesema ina hewa, mkaitoa kwa ufunguo dakika moja. Hii ina tope. Chuma cha rejeta huoza ndani polepole na kuwa unga mweusi mzito unaotuama chini, maji ya moto yanapita juu yake. Weka kitambaa cheupe chini ya kile kiskrubu cha kutolea hewa, kifungue kidogo. Maji yakitoka meusi kama wino, unajua. Mabomba yote yaoshwe kabla boila mpya haijaunganishwa, kiwekwe kichujio chenye sumaku na dawa ya kuzuia kutu. Njia za maji ndani ya boila za sasa ni nyembamba sana, na tope hilo likiingia humo litaiua boila mpya mapema. Fundi akiacha kuosha ili awe nafuu kuliko wenzake, unafuu huo utaulipa wewe. Inawezekana kabisa kwamba chumba cha mama hakihitaji boila kubwa wala rejeta mpya, kinahitaji kuoshwa tu.

Mkishafunga, msiache maji ya rejeta kwenye nyuzi 75 kama wengi wanavyoachiwa. Boila za sasa zina ujanja wa kuuchukua mvuke uliomo kwenye moshi, kuugeuza maji, na kulirudisha joto lake nyumbani. Kwa gesi asilia hilo huanza pale maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Yakirudi yana 60, unalipia ujanja usioutumia. Anzeni na maji yanayotoka boila yakiwa 55, mshushe kidogo kidogo mpaka chumba kimoja kianze kulalamika. Rejeta zitakuwa za uvuguvugu, msiogope. Joto lake litakuwa pungufu, karibu nusu ya lile lililoandikwa kiwandani wakati maji yanapozidi chumba kwa nyuzi 30 badala ya 50, ila dari ikishafunikwa rejeta zako 11 zinaweza kumudu siku nyingi za msimu hivyo hivyo. Usiku wa baridi kali unapandisha. Kuna kipimajoto cha kufunga nje ya nyumba kinachoiambia boila ipande au ishuke yenyewe. Kama mfuko unaruhusu, kiombe.

Yale maji ya moshi yana asidi kidogo na yanahitaji bomba lake la plastiki la kuyatoa. Lipite ndani ya nyumba kadiri inavyowezekana. Nimeitwa nyumba zisizohesabika asubuhi za barafu, boila imegoma, kosa likiwa mita moja ya bomba hilo iliyoganda nje.

Fundi yeyote atakayekuja tena, mpe karatasi yenye hizi namba zako na umwombe hesabu yake kwa maandishi, chumba kwa chumba. Akikuambia “mimi kwa uzoefu wangu,” mshukuru, mpe maji ya kunywa, muite mwingine.

Nitumie sekunde za ndoo, mara ya kwanza na mara ya pili bafu la juu likiwa wazi, na ukubwa wa dari. Na uniandikie hospitali walisema nini kuhusu mama.